Leo Hakuna Simu

Picha za mwisho za kundi letu la Ijumaa niliziharibu mimi. Halikuwa joto la Doha, wala uzee wa kamera, wala dawa mbovu. Ni mimi. Kisha nikawadanganya wenye sura zao kwa wiki kadhaa, na uongo huo ndio uliokula zaidi. Nayasema haya kwa kuwa najua wapo wengi siku hizi, Doha na Nairobi na Dar es Salaam, waliozirudia kamera za mkanda, na nilichofanya mimi anaweza kukifanya yeyote mwenye bisibisi mkononi na sifa kichwani.

Maradhi yangu ni kamera za kale za Kimarekani, zile za kipima-umbali. Ukitaja aina hiyo mbele ya wajuzi, wote hukimbilia Leica ya Kijerumani. Nami nilianzia huko. Nilipoona bei yake, ambayo kwa mshahara wa mtunza stoo ni miezi ya kutotuma hata riali moja nyumbani, nikatambua papo hapo kwamba mapenzi yangu ya kweli yalikuwa kwa Wamarekani. Nikajitungia na hoja: Leica ni ya wenye nazo, Argus ni ya watu. Hoja hiyo nilikuwa naitoa kwa sauti kubwa, hasa mbele ya mtu mwenye Leica.

Si ya uongo kabisa. Argus C3 ilitengenezwa Ann Arbor, Michigan, tangu 1939 hadi 1966, na ziliuzwa zaidi ya milioni mbili. Kampuni yenyewe ilianza kwa kuunda redio, na ukiishika kamera hilo unaliona: mwili wa bakelaiti nyeusi, ile plastiki ngumu ya redio za babu zetu, wenye pembe nne zisizomhurumia mshikaji. Wamarekani waliibandika jina la tofali. Usoni ina magurudumu ya meno yaliyo nje nje, bila kifuniko. Ukizungusha moja kwa kidole unaona linavyolisukuma la pili, na la pili linavyoizungusha lenzi. Mimi nimekulia Mombasa, mafundi wakifungulia kila kitu barazani mbele ya wapita njia, na kwangu kamera ya namna hiyo ilikuwa mwaliko.

Kamera za Kijerumani zilipoacha kufika kwa sababu ya Vita vya Pili vya Dunia, viwanda vya Marekani vilijikuta peke yao uwanjani. Kodak wa Rochester wakatoa Ektra mwaka 1941, kamera ya fahari, ghali mno, na shata yake ikajulikana kwa kuharibika. Chicago kulikuwa na Perfex, Minneapolis ikatoa Clarus, New York ikatoa Kardon, nakala ya Leica iliyokusudiwa jeshi. Nyingi zilikufa mapema. Tofali likadumu kwa sababu lilikuwa rahisi kulinunua na rahisi kulitengeneza. Mimi ninayo mawili, pamoja na Kodak Signet 35 na Bolsey moja ambayo shata yake hufunguka inapopenda. Zinakaa katika sanduku la plastiki chini ya kitanda changu, mtaa wa Al Mansoura hapa Doha, pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Wenzangu chumbani hulisogeza sanduku hilo kwa mguu wakifagia.

Doha si mahali pa ajabu kwa maradhi haya. Marehemu Sheikh Saoud bin Mohammed Al Thani, aliyeongoza baraza la utamaduni la Qatar hadi 2005, alikuwa mmoja wa wanunuzi wakubwa wa picha za kale duniani. Mwaka 2003 alinunua London daguerotipu moja ya Mfaransa Girault de Prangey kwa zaidi ya pauni nusu milioni. Mimi Argus niliinunua kwa Mmarekani aliyekuwa akifungasha kurudi kwao, kwa bei ya kuku wa kuchoma na soda. Lakini nilipoining'iniza shingoni nilijihesabu kwamba mimi na Sheikh tuko katika shughuli moja.

Lenzi ya Argus hiyo ilikuja na ukungu ndani. Mwezi wa Agosti hapa, ukitoka chumba cha kiyoyozi miwani inaziba umande mara tu unapofungua mlango wa nje, na lenzi haina kinga zaidi ya miwani. Picha zilikuwa zinatoka, ila nyeusi yake ilikuwa kijivu. Nikaamua kuisafisha. Usiku mmoja wa Januari 2023, chumba kimelala, nikatoa lile gurudumu la katikati, nikaizungusha lenzi kinyume mpaka ikatoka kwenye uzi wake, nikafuta vioo kwa spiriti na kitambaa cha miwani, nikairudisha. Niliikaza mpaka mkono ukaniambia imefika. Nikarudisha gurudumu, nikafunga skrubu. Kioo kiling'aa. Nikajiona fundi.

Na niliijaribu. Jioni ya pili nikaenda Corniche, nikaelekeza kipima-umbali kwenye minara ya West Bay ng'ambo ya maji. Ukichungulia unaona taswira mbili za kitu kimoja, nawe unazungusha gurudumu mpaka ziungane. Ziliungana palepale kwenye alama ya mbali kabisa. Nikalenga nguzo ya taa iliyokuwa karibu, nikapima kwa hatua, nikatazama namba za futi kwenye gurudumu: sawasawa. Nikaridhika. Sikupiga hata picha moja ya majaribio. Mkanda wa picha 36 ni ghali, na mimi nilikwisha kuona kwa macho yangu.

Kazini, bila karatasi iliyotiwa saini, simtolei mtu hata boksi la misumari.

Siku hizo nilikuwa nimejaa habari za Tony Vaccaro. Alifariki mwishoni mwa Desemba 2022, siku chache baada ya kutimiza miaka 100. Vita vilipokuja aliomba kuwa mpiga picha wa jeshi la Marekani, akakataliwa, akapewa bunduki na kupelekwa askari wa miguu katika Divisheni ya 83. Kamera akaibeba mwenyewe, Argus C3. Alitua Normandy Juni 1944, akapigana hadi Ujerumani, na usiku alikuwa akisafisha mikanda yake ndani ya helmeti za chuma za wenzake, dawa katika hii na maji katika ile, kisha anaianika kwenye matawi ya miti. Kisa hiki nilimsimulia kila aliyenipa nafasi. Nilimsimulia hata dereva wa basi la kazini, Mnepali, kwa Kiarabu cha kuokoteza ambacho hatukukijua sote wawili.

Ndipo kundi letu likaanza kuvunjika. Kombe la Dunia lilikwisha tarehe 18 Desemba, na mikataba mingi nayo ikaanza kwisha. Sisi Waswahili wa Ijumaa tulikuwa mchanganyiko: gadi wa Kisumu, wasichana wawili wa hoteli kutoka Arusha, dereva wa Kampala, dada wa Kilifi aliyefanya kazi za nyumbani na ambaye kwake Ijumaa ya mapumziko ilikuwa jambo la kuombea dua, vijana wawili watatu wa kuja na kuondoka, na Mzee wetu wa Tanga, fundi wa viyoyozi, ambaye pia alikuwa mpishi wetu wa pilau na hakimu wetu wa ugomvi wa upatu. Miaka yote hiyo hatukuwa na picha moja ya maana ya wote pamoja. Vilikuwapo vipande vya simu, huyu hayumo, yule amekatwa kichwa. Nikajitolea. Nikatangaza kwenye kundi la WhatsApp kwamba nitawapiga picha ya kweli, ya mkanda, ambayo wajukuu wataikuta sandukuni. Nilitumia maneno hayo hasa, wajukuu na sandukuni. Ujumbe bado upo.

Tulikutana kwenye bustani iliyo kando ya Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu, mahali ambapo watu hutandika mikeka kwenye nyasi na kutazama bahari. Walikuja wamevaa. Mzee alikuwa na kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya viua. Dada wa Kilifi alikuwa na dera jipya. Gadi wa Kisumu alikuja na suti na tai, kwenye nyasi. Tukala kwanza. Kisha nikawapanga juu ya mkeka, viatu vyao vimepangwa mbele pamoja na sinia na chupa za chai, nyuma yao maji na minara.

Vijana walipotoa simu ili wapige na wao, nikainua mkono. "Leo hakuna simu," nikasema. "Simu ipo kila siku. Leo tunapiga picha."

Mzee akaniunga mkono, maana ndivyo alivyokuwa na vijana. "Haya, wekeni simu. Mwenzenu anafanya kazi."

Wakaziweka.

Nilichukua muda wangu. Jua lilikuwa linashuka, mwanga ukapungua, nikalifungua tundu la lenzi karibu lote. Tundu likiwa wazi namna hiyo, lenzi haina msamaha: kitu kikikaa nje kidogo ya umbali uliolengwa, kinapotea. Sikuwa na hofu, nilikuwa na kipima-umbali. Nililenga kofia ya Mzee. Kofia mbili zikasogeleana, zikawa moja, nikabonyeza. Nikawapiga wote, nikawapiga wawili wawili, nikampiga dada wa Kilifi peke yake kwa kuwa alisema mamake hajamtia machoni tangu aondoke. Nikaumaliza mkanda.

Mikanda naisafisha mwenyewe, bafuni. Nijisifu kidogo hapa, maana nafasi nyingine ya kujisifu haipo mbele. Dawa inataka nyuzi 20, na Julai mjini Doha maji ya bomba la baridi hutoka ya moto, kwa sababu matangi yako juani juu ya paa. Wakazi huzima hita ya bafuni ili maji yaliyolala ndani yake, kivulini, yawe ndiyo ya baridi, nami huongezea barafu ya bakala, duka la mtaani. Januari haina taabu hiyo. Mkanda ulitoka safi. Nilipouinua kwenye taa niliona negativu nzuri kuliko zote nilizowahi kusafisha, nyeusi yake nzito, nyeupe yake wazi. Nikawaita wenzangu chumbani waje waone. Mmoja alikuja.

Negativu ya Argus ni milimita 24 kwa 36. Humo, uso wa mtu aliyeketi futi kumi na mbili kutoka kwako una urefu wa milimita tatu, na katika milimita tatu kila mtu ana macho.

Jumapili, baada ya saa za kazi, niliazima skana kuukuu ya ofisini yenye taa kwenye kifuniko. Niliulaza mkanda kwa upana, tena kichwa chini, kwa hiyo picha ya kwanza ilijifungua kwenye kompyuta kuanzia chini kwenda juu, mstari kwa mstari. Vikatokea viatu. Sijawahi kupiga viatu vizuri namna hiyo. Makubadhi ya Mzee yalionyesha kila mshono, na kwenye kiatu cha gadi wa Kisumu niliona kamba ilipoanza kuchanika. Nikatabasamu peke yangu pale ofisini. Likaja sinia na punje za pilau zilizosalia. Ikaja chupa ya chai na maua yake. Kisha magoti, na hapo nikasogeza kiti. Magoti yalikuwa laini. Mikono ilikuwa laini zaidi. Nikajiambia skana bado inatafuta. Skana haitafuti. Nyuso zilipofika zilikuwa na mahali pa macho na mahali pa midomo, na kofia ya Mzee, ile niliyoilenga, ilikuwa weupe tu juu ya weusi.

Nikafungua ya pili. Nikafungua ya tatu. Katika ile ya dada wa Kilifi peke yake ungeweza kuhesabu majani ya nyasi mbele ya miguu yake.

Jambo la kwanza lililonijia halikuwa dada wa Kilifi wala Mzee. Lilikuwa hili: watanicheka. Naona haya kuliandika, lakini ndilo lililotangulia, na yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Chanzo nilikijua kabla sijafika nyumbani. Kwenye Argus, namba za umbali haziko kwenye lenzi. Ziko kwenye gurudumu la kipima-umbali. Kwa hiyo kipima-umbali na namba zake hukubaliana daima, lenzi iwe imelala wapi na wapi, na kinachojua lenzi ilipo ni mkanda peke yake. Ukiirudisha lenzi unatakiwa uizungushe hadi mwisho wake, gurudumu nalo uliweke kwenye alama ya mbali kabisa, na ndipo uingize lile la katikati kuvifunga pamoja. Mimi lenzi niliiacha pale mkono ulipochoka. Ikabaki mbele kidogo. Nilipolenga futi kumi na mbili yenyewe ilikuwa inatazama futi kama saba, yaani viatu. Na kule Corniche, kwa bidii yangu yote, nilikuwa namuuliza mshitakiwa kama ameiba, na kwa kutaka uhakika zaidi namuuliza mara ya pili. Kamera ambayo unatazama kupitia lenzi yenyewe ingenionyesha ukungu siku ileile. Hii ina dirisha lake la kutazamia, na dirisha hilo ni safi siku zote, hata ukiwa umesahau kufungua kifuniko cha lenzi.

Kipimo cha kweli ni cha dakika chache na hakili mkanda. Unafungua mgongo wa kamera, unabandika kipande cha utepe mweupe unaopitisha mwanga, sawasawa pale mkanda unapopita, unaweka shata kwenye B na kuishikilia wazi, kisha unachungulia kwa kioo cha kukuza kile ambacho lenzi inakichora kwenye utepe. Nilikifanya usiku uleule, dirishani, nikilenga taa za mnara wa mbali. Zilikuwa madoa manene ya duara. Nikafungua, nikaikaza lenzi inavyotakiwa, taa zikawa nukta. Kamera imepona. Na kundi zima lilikuwa bado liko Doha.

Hapo ndipo ningesema. Sikusema.

Mzee akapiga simu. "Mwanangu, picha vipi?" Nikamwambia bado zinakauka. Filamu hukauka kwa saa chache. Wiki iliyofuata nikasema nasubiri karatasi nzuri. Kisha skana ya ofisini ikawa imeharibika, masikini, ilhali haikuwa na kosa. Kila uongo ulikuwa wa kitaalamu, ndiyo maana ulipita: katika kundi lile mtaalamu alikuwa mimi. Ijumaa ikaja, na nyingine, wote tuko juu ya mkeka uleule, simu ziko mifukoni kwa sababu picha zilikwisha kupigwa. Ningeweza kusema: ndugu zangu, nimeharibu, toeni simu zenu. Ingekuwa dakika moja ya kuchekwa na Mzee angenitania mpaka jua litue. Dakika hiyo niliiona ghali.

Wakaanza kuondoka. Gadi alitangulia, na suti yake. Wakafuata wa Arusha. Dada wa Kilifi aliondoka kwa ghafla, mipango ya mwajiri wake ilipobadilika. Mzee alikuwa wa mwisho, Februari ikielekea ukingoni. Nilimsindikiza uwanja wa ndege na sanduku lake lililofungwa kamba, akanishika bega, akasema, "Amana yangu usiisahau." Nikasema siisahau.

Kisha nikafanya jambo la kijinga kuliko yote mawili. Nikapakua kwenye simu programu ya kunoa picha zenye ukungu. Programu hizi hazinoi, huchora. Zikiona mahali pa jicho zinaweka jicho, zikilibuni kutokana na wingi wa nyuso zilizofunzwa nazo. Nikamwingiza Mzee. Akatoka mtanashati, ngozi nyororo, na safu kamili ya meno ya juu. Mzee hana meno mawili ya mbele tangu tumjue, na kisa cha yalivyotoka, chenye punda ndani yake, tulikisikia kila tulipokula. Niliyaona meno hayo. Nikajiambia kwenye simu ndogo hayataonekana. Nikatuma.

Jibu lilikuja kwa sauti, na nyuma yake palisikika watu wakicheka, wakubwa na watoto. "Mwanangu, picha tumepokea, ahsante sana. Mama watoto anauliza, haya meno nilipewa na kampuni au nilikatwa kwenye mshahara?" Akanyamaza kidogo. "Sasa niambie. Imekuwaje?"

Nikamweleza. Alisikiliza mambo ya gurudumu na uzi kwa utulivu wa fundi, akauliza kwa nini sikuipima baada ya kuifunga, maana yeye kiyoyozi hakiachi mpaka amekiwasha. Sikuwa na jibu. Baadaye nikarekodi ujumbe kwa kundi zima. Wa kwanza ulikuwa mrefu, umejaa bakelaiti na umbali na mwanga wa jioni, na nilipousikiliza nikagundua kwamba kosa langu halimo. Nikaufuta. Nilioutuma ulisema picha zote hazina sura, kwamba nilijua tangu Jumapili ya pili yake, na kwamba yote niliyosema baada ya hapo yalikuwa uongo.

Gadi wa Kisumu alijibu kwa vikaragosi vya kucheka, safu mbili. Mmoja alitoka kwenye kundi bila neno. Dada wa Kilifi aliandika siku ya pili yake: "Ungesema tu kaka. Mimi Ijumaa mbili nilikuwa bado nipo."

Hasara yenyewe haina mengi. Picha ya kundi letu likiwa kamili haipo na haitakuwapo. Wametawanyika nchi tatu, na mmoja amekwenda kutafuta Riyadh. Mamake dada wa Kilifi alimwona mwanawe aliporudi, kwa hiyo kwa upande huo picha haikuhitajika tena. Ila dada hana cha kumwonyesha mamake kwamba huko ugenini alikuwa na watu. Mkanda na dawa, haifiki riali mia. Na Idi ilipofika, wachache tuliobaki tulipiga picha kwa simu ya dereva wa Kampala, nami nikapewa kazi ya kushika mikoba.

Argus ninayo, na naitumia. Nimeikwaruza kwa sindano alama mbili, moja kwenye lenzi na moja kwenye mwili, zikikutana najua lenzi imefika. Ukitaka kuifungua ya kwako, ifungue, kamera hii iliundwa ifunguliwe, lakini alama itangulie bisibisi. Nikipiga picha za watu, nawaomba watoe na simu zao kwanza, wapige, ndipo nianze mimi. Wengine hushangaa, wakidhani ni unyenyekevu.

Mzee hakunikasirikia, au hakuniambia. Mwezi uliofuata alinitumia ujumbe: nimpelekee ile picha yenyewe, ya ukungu, isiyo na meno. Nikaichapisha dukani, inchi nane kwa kumi, nikampa mtu aliyekuwa akipanda ndege ya Dar na kuendelea kwa basi hadi Tanga. Alipoipata akapiga simu kuuliza kama naweza kumtumia na sehemu ya chini peke yake, iliyokuzwa. Yale makubadhi aliyagawa siku ya kuondoka kwa sababu ya uzito wa mizigo, sasa anataka kushonewa mengine, na fundi wa huko hamwelewi akimweleza kwa mdomo. Nikamtumia. Fundi amesema inatosha.